Kikundi cha watoto bila kikundi cha wazazi ni kazi nusu

Ndugu Mhariri,

Tunafurahi kuona shule na kliniki nyingi zikianzisha vikundi vya kuwasaidia watoto wenye hasira za karibu. Tunachoomba ni kwamba wazazi wasiachwe nje ya mlango.

Tunaowazungumzia hapa si watoto wanaokasirika wakinyimwa kitu, kisha wakasahau. Hawa hushinda wamenuna au wamekereka karibu kila siku, na hulipuka mara 3 au zaidi kwa wiki. Mwaka 2013 mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili uliipa hali hii jina lake (kwa Kiingereza disruptive mood dysregulation disorder, DMDD), kwa masharti kwamba iwe imedumu miezi 12 au zaidi, ionekane zaidi ya mahali pamoja, na iwe imeanza kabla mtoto hajafikisha miaka 10. Kabla ya hapo baadhi ya watoto hawa waliambiwa wana baipola, yaani ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, na kutibiwa hivyo.

Kikundi kizuri ni kidogo: watoto 6 hadi 8 wanaokaribiana umri, viongozi wawili, dakika 60 hadi 90 kila wiki, kwa wiki 10 hivi. Viongozi ni wawili kwa sababu mmoja akitoka na mtoto aliyelipuka, somo liendelee. Kikijaa wagomvi watupu na msimamizi akawa mmoja, watoto huchekeana vituko na kufundishana ubaya.

Wiki za mwanzo mtoto ajifunze kuitambua hasira ingali ndogo, kwa mfano taya kukaza, masikio kupata moto au ngumi kujikunja. Aipime kwa ngazi ya 1 hadi 10, na mbinu ya kujituliza aitumie akiwa kwenye 3 au 4. Akishafika 9 hasikii la mtu, na kumhubiria wakati huo ni kumchochea. Baadaye ajifunze kusoma nyuso, maana wengi wao huuona uso wa kawaida kuwa umewakasirikia. Halafu yaje mazoezi yenyewe: apangiwe mchezo ashindwe, asubiri zamu, aambiwe "hapana", huku mwenzake akimtazama na kumsaidia. Hapa ndipo kikundi kinapoushinda ushauri wa mtu mmoja mmoja, kwa kuwa maudhi ni ya kweli na yanatoka kwa rika lake. Kupiga mito ili "kutoa hasira" tunakukataa kabisa. Mtoto anazoea kupiga tu.

Sasa turudi kwa wazazi. Wao wakutane saa ileile, chumba cha pili. Mzazi anayekataa mara nne na kukubali ya tano kwa kuchoshwa na makelele amemfundisha mtoto kupiga kelele hadi mara ya tano. Ajifunze kusema mara moja kwa sauti ya chini, kusifu papo hapo kila mtoto anapojizuia, na kutoyumba. Aambiwe mapema pia kwamba akianza kushikilia msimamo, milipuko inaweza kuongezeka kwanza kabla ya kupungua. Wasioambiwa hivyo hukata tamaa wiki ya pili au ya tatu, wakaamini tiba imemharibu mtoto.

Mtoto anayezungumzia kujiua au kujiumiza asisubiri kikundi. Aonwe na mtaalamu siku hiyohiyo.

Kwa hiyo, mkuu wa shule au kliniki anayepanga kikundi cha watoto, kabla ya kubandika tangazo apange kwanza nani atakaa na wazazi, chumba gani, na saa ngapi ambayo hata mzazi anayetoka kazini ataiwahi.

Wahudumu wa afya ya akili ya watoto