YAH: RISITI MNAZODAI ZIMO KWENYE MAJIVU ALIYOYATAZAMA MKAGUZI WENU

Kwa Meneja wa Madai,

Salaam. Namba ya dai mnayo, na masharti ya bima mliyaandika wenyewe, kwa hiyo sitaanza kueleza moto wa Eaton wa Januari 2025 ulioteketeza nyumba yetu, wala Altadena ya California iko wapi.

Nianze na mkaguzi wenu. Alifika kiwanjani, akateremsha kioo cha gari nusu, injini ikiendelea kunguruma, akauliza: "Risiti za vitu vya ndani ziko wapi?" Akajibiwa kwamba ziko mbele yake, kwenye droo ambayo nayo ni majivu. Akaandika "hakuna vielelezo", akaondoka.

Risiti hizo hazikuhitajika. Nyumba ikiteketea yote katika janga lililotangazwa kuwa hali ya hatari, sheria ya California ya wakati wa moto huo iliwataka mtangulize, kwa vitu vya ndani, asilimia 30 ya kikomo cha bima ya jengo (kiasi cha juu ambacho bima hulipa kwa nyumba), isiyozidi dola 250,000, bila orodha ya vitu. Kikomo chetu ni dola 600,000. Hata mtoto wa darasa la tano atapata 180,000. Mmelipa 40,000.

Orodha tuliwapa hata hivyo, kurasa 31, kwa Kiswahili, kwani nyinyi ndio mliosema mkalimani yupo. "Mbuzi ya nazi, 1" imekatwa kwa maelezo kwamba bima haigusi mifugo. Mifugo! Doti 23 za kanga zimegeuzwa "vitambaa vya kufutia", thamani sifuri.

Kwenye jengo mmekata uchakavu wa asilimia 35 kila mstari, mpaka msingi wa zege na ujira wa mafundi. Uchakavu hukatwa kwenye vitu vinavyobadilishwa nyumba ikiwa bado imesimama: paa, zulia, rangi, hita ya maji. Msingi haumo. Ujira wa fundi nao hauzeeki, na kanuni za bima za jimbo zinasema hivyo waziwazi. Bei ya madirisha mmeweka ya kioo kimoja cha kawaida, na matundu ya hewa ya darini hayana wavu wa kuzuia cheche, ilhali kila mwaka tumekuwa tukilipia kifungu cha bima kinachogharamia kujenga upya kwa kanuni mpya za ujenzi. Mkandarasi hawezi kupata kibali kwa makadirio hayo.

Huyo wa garini alikuwa wa nne ndani ya miezi sita. Tangu alipokuja wa tatu mlipaswa kututeulia mtu mmoja wa kushughulika nasi. Wa pili, mwezi Machi, alikubali kwa maandishi kwamba msingi haukatwi. Wa nne anasema barua hiyo haioni kwenye mfumo.

Narudi kwenye lile gari, maana halinitoki. Hakushuka. Soli ya kiatu chake haikugusa kiwanja. Mama mkwe, mtu mzima wa miaka 71, alimsogelea akiwa ameshika chuma chenye meno cha ile mbuzi, kitu pekee tulichokitambua kwenye kifusi, ili kumwonyesha kwamba jiko lilikuwa pale. Alimtazama mkononi, akapandisha kioo. Mama akabaki amekinyoosha kile chuma kwenye kioo kilichofungwa.

Nilikaa kuandika nikitaka dola 140,000 zilizobaki tu. Sasa nataka na makadirio mapya, mstari kwa mstari, bila uchakavu wa msingi wala ujira. Posho ya kuishi kwingine nyumba ikijengwa, kwa miezi 24, si 12 kama barua yenu inavyodai. Nakala kamili ya bima pamoja na kumbukumbu zote za dai. Na mkaguzi mwingine, mwenye miguu.

Nawapa siku 15. Siku ya 16 faili hili liko Idara ya Bima ya California, pamoja na picha ya gari. Mkinyamaza, linakwenda kwa wakili, na hapo hatutazungumzia tena 140,000. Tutazungumzia fidia ya kuwaadhibu kwa kushughulikia dai kwa nia mbaya.

Radhi aombwe mama, si mimi. Kwa maandishi, kwa Kiswahili. Mkalimani mnaye.

Wenu,
Mwenye bima