Barua kwa kampuni iliyofunga GPS kwenye gari langu

Tabata,
Dar es Salaam.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Ufungaji wa GPS za Magari,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MLIO KWENYE SPIKA ZA GARI LANGU TANGU MLIPOFUNGA KIFAA CHENU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu, mwenye Toyota Noah ninayoikodisha kwa safari za familia: harusi, misiba, watoto wanaopelekwa shule za bweni. Gari nimelinunua kwa mkopo, na aliyenikopesha aliweka sharti lifungwe GPS, kifaa kinachoonyesha gari liko wapi, kabla sijaondoka nalo. Ndiye aliyenielekeza kwenu. Kifaa sikukichagua mimi, wala sina ruhusa ya kukitoa. Nalisema hili mapema kwa sababu mara ya mwisho nilipofika kaunta yenu niliambiwa, "Kama kinakukera, kitoe."

Fundi wenu alimaliza kazi kwa muda usiofika nusu saa. Jioni ile ile, nikiwa kwenye foleni Buguruni, spika zikaanza mlio ambao kila aliyewahi kuweka simu karibu na redio anaujua: tit-titi-tit, tit-titi-tit, kisha mngurumo wa sekunde mbili tatu, kisha kimya. Nikadhani ni simu yangu. Nikaizima. Mlio ukarudi. Nikatazama saa, nikakuta unakuja kila baada ya sekunde 30, haukosei.

Nilipokuja kwenu mara ya kwanza, fundi aliniambia redio za Kijapani ndivyo zilivyo. Ni kweli redio yangu ilitengenezwa kwa soko la Japani, inaanzia 76 hadi 90 MHz, na ili ipate stesheni zetu za 87.5 hadi 108 ilikuwa imefungiwa kile kikasha cha kuhamisha masafa. Kikasha kibovu kinaweza kuharibu usikivu wa FM, sikatai. Lakini mlio ule ulisikika hata nilipocheza nyimbo kutoka kwenye flashi, ambako FM haihusiki kabisa. Nikashusha sauti hadi sifuri: mlio ukabaki na ukubwa wake ule ule. Nilimweleza fundi wenu yote mawili. Hakukaa hata kwenye kiti cha dereva asikilize.

Mara ya pili niliambiwa redio imekufa, ninunue nyingine. Nilinunua, shilingi 160,000, risiti ninayo. Mlio haukupungua hata kidogo.

Wiki mbili baadaye nilipeleka familia moja Iringa kwenye maziko. Walikuja na flashi ya nyimbo alizopenda marehemu, wakaniomba niziweke safari nzima. Mjini mlio ulikuwa unavumilika. Tulipoingia hifadhi ya Mikumi, na baadaye tukipanda Kitonga, ulikua mpaka ukazifunika sauti za waimbaji. Mzee mmoja aliyekaa nyuma aliuliza mara tatu ni nani simu yake inaita, watu wazime simu, wamheshimu marehemu. Watu wazima wakazima simu zao mmoja mmoja, na mlio ukaendelea. Mwishowe mama wa marehemu akasema, "Zima tu, mwanangu." Tukaenda kimya hadi Iringa. Familia ile ilinilipa fedha zangu zote bila neno, na mpaka leo sina amani na fedha zile.

Niliporudi Dar es Salaam nikaenda eneo la Gerezani kwa fundi wa umeme wa magari ninayemwamini. Aliitoa redio mbele yangu bila kugusa lakiri yenu. Kifaa kilikuwa nyuma ya redio kabisa, kimefungwa kwa solotepu pamoja na waya za spika, kinakula umeme kwenye waya wa redio, na ethi yake (waya wa kurudisha umeme) imebanwa kwenye nati ya redio hiyo hiyo. Hakukata kitu. Alikivuta tu kwa urefu wa waya wake, kama sentimita 40, kuelekea upande wa abiria. Mlio ukashuka mpaka nikalazimika kuinamia spika ili niusikie. Akakirudisha pale mlipokiweka: mlio ukarudi. Tulirudia mara nne. Picha nimeambatanisha.

Alinieleza sababu, nami nikaisoma zaidi mwenyewe, kwa hiyo naomba nisirudishiwe tena habari za redio za Kijapani. Kifaa chenu kina laini ya simu na kinatuma taarifa kwa mtandao wa 2G, ule wa simu za zamani. Simu ya 2G hairushi mawimbi mfululizo. Inapokezana na nyingine: muda umegawanywa vipande vinane, kila simu inarusha kwenye kipande chake, inanyamaza, inarusha tena, mara 217 hivi kwa sekunde. Kwenye masafa ya 900 MHz nguvu yake inaweza kufika wati 2. Mawimbi yenyewe sikio halisikii, ila mapigo 217 kwa sekunde ni sauti kamili. Waya ya spika iliyolala kando yake inayanasa kama antena, na saketi za amplifaya, yaani kikuza sauti, zinayageuza kuwa ule mlio. Kwa kuwa yanaingia baada ya swichi ya sauti, kupunguza sauti hakusaidii. Na mnara ukiwa mbali, kifaa huongeza nguvu ili kifikike, ndiyo maana Mikumi na Kitonga palikuwa pabaya kuliko Tabata.

Gari langu lina kelele nyingine, na hizo sijawabebesha. Kulikuwa na mvumo uliopanda na kushuka kadiri ninavyokanyaga mafuta. Huo ulikuwa wa alteneta na ethi mbovu, nimeutengeneza kwa gharama yangu. Kulikuwa na chaja ya simu ya bei ndogo iliyofunika stesheni za mbali kwa mikwaruzo, nimeitupa. Zote zilijulikana kwa jaribio la dakika moja: unachomoa, unasikiliza, unachomeka tena. Mafundi wenu wangefanya hivyo siku ya kwanza, nisingenunua redio.

Jambo linaloniumiza zaidi ni kwamba tiba yake ni ndogo. Mawimbi hupungua haraka kwa umbali. Ukiuongeza mara kumi, nguvu inayofika hubaki kama sehemu moja ya mia. Kifaa kikihamishiwa upande wa abiria, juu, chini ya plastiki karibu na kioo cha mbele, kitakuwa mbali na waya za redio, na GPS yenyewe itaiona anga vizuri kuliko pale ilipobanwa nyuma ya vyuma. Kipewe waya wake kutoka kwenye betri wenye fyuzi yake, na ethi yake kwenye bodi ya gari. Waya za spika zivalishwe feraiti, kile kibonge cheusi tunachokiona kwenye waya za kompyuta. Fundi wa Gerezani angeifanya kazi hiyo kwa saa moja, lakini masharti yenu yanasema mkono mwingine ukigusa kifaa, dhamana imekufa, na mkopeshaji wangu atahesabu nimekichezea.

Kwa hiyo naomba mkihamishe ninyi, bila malipo, kwa namna niliyoieleza, na tuliwashe gari pamoja tusikilize kabla fundi hajaondoka. Naomba nirudishiwe shilingi 160,000 za redio niliyoinunua kwa ushauri wenu. Naomba pia nakala ya kibali cha TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, cha aina ya kifaa mlichonifungia. Na mafundi wenu waelekezwe wasifunge tena kifaa chenye laini ya simu nyuma ya redio ya mtu, kwa sababu kwenye maegesho yenu nilikutana na dereva wa bajaji ya mizigo na mwenye Hiace, wote wakilalamikia mlio huu huu, na wote wameambiwa wanunue redio.

Nitasubiri majibu ya maandishi kwa siku 14. Nisipoyapata nitayapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani pamoja na risiti na picha. Gari linakuwa nyumbani Tabata Jumatatu hadi Jumatano, asubuhi hadi saa saba mchana. Siku nyingine lipo safarini.

Naomba kuwasilisha.

Mteja wenu,
Mmiliki na dereva wa Toyota Noah

Viambatanisho: nakala ya risiti ya ufungaji wa GPS, risiti ya redio, picha sita.