Jibu Linaloogopwa Kuliko Yote Katika Mtihani wa Mantiki

Kabla sijaanza kazi hii ya kuwaandaa watu kwa usaili, niliwahi kukaa mbele ya kompyuta nikifanya mtihani wa mantiki wa kampuni moja niliyokuwa naitamani sana. Swali la tatu au la nne lilikuwa na maelezo mafupi: kampuni ilibadilisha namba yake ya simu ya kupokea malalamiko, na mwezi uliofuata malalamiko yakapungua kwa nusu. Chini yake kulikuwa na dai: "Huduma za kampuni zimekuwa bora." Majibu ya kuchagua yalikuwa matatu: kweli, si kweli, haijulikani. Nikabonyeza "kweli" bila kupepesa macho. Malalamiko yamepungua, si ndiyo?

Usiku ule nikiwa kitandani ndipo liliponijia: labda wateja hawakuwa na namba mpya.

Nilifeli, na nadhani swali lile halikuwa peke yake. Tangu nianze kukaa upande huu wa meza nimeona kosa hilohilo likirudiwa na wahasibu, wauguzi, mainjinia na hata walimu wa hisabati. Mtu anakuja amejiandaa kwa hesabu, kumbe mtihani una hesabu kidogo mno. Unachopima ni kama unaweza kutenganisha kilichoandikwa mbele yako na unachokijua, unachokidhani au unachotamani kiwe hivyo. Kwenye maisha ya kila siku hatutenganishi. Mtu akikwambia mvua imenyesha unajaza mwenyewe kwamba barabara ina matope, na huwa umesema kweli. Mtihani unakuadhibu kwa ujuzi huohuo.

Ndiyo maana "haijulikani" ndilo jibu linaloogopwa. Linaonekana kama kukiri ujinga. Mteja mmoja aliniambia wazi: "Nikichagua hilo mara tatu mfululizo naona kama nafeli, kwa hiyo la nne naweka chochote." Hapo ndipo alama zake zilipokuwa zinavujia. Maana halisi ya jibu hili ni kwamba maelezo uliyopewa hayatoshi kuthibitisha dai wala kulikanusha. Ukiweza kufikiria hali mbili, zote zinakubaliana na maelezo, moja dai likiwa kweli na nyingine likiwa si kweli, basi jibu ni haijulikani, hata kama imetokea mara tano mfululizo.

Kuna tahadhari moja. Sheria hii ya "usitumie unachokijua" ina mipaka yake, na mipaka hiyo imeandikwa kwenye maelekezo ambayo watu wengi huyaruka. Chukua mtihani wa Watson-Glaser, unaotumiwa sana na kampuni za mawakili Uingereza. Una sehemu tano, na katika sehemu ya kukisia kutokana na taarifa majibu yenyewe ni matano, yakiwemo "huenda ni kweli" na "huenda si kweli", na unaruhusiwa kutumia maarifa ya kawaida ambayo kila mtu anayo. Ukifika sehemu ya hitimisho, ruhusa hiyo imekwisha. Mtu asiyesoma maelekezo anaingia sehemu ya pili na sheria za sehemu ya kwanza.

Sasa tuje kwenye maneno, maana hapa ndipo pana utamu.

Neno "baadhi" linawaangusha wengi. Tukisema "baadhi ya wafanyakazi wamelipwa", kila anayesikia anaelewa kuwa kuna ambao hawajalipwa, na pengine anaanza kuwauliza ni akina nani. Katika mantiki, "baadhi" maana yake ni angalau mmoja. Huenda ni wote. Kwa hiyo ukiulizwa kama kuna wafanyakazi ambao hawajalipwa, jibu ni haijulikani.

Halafu kuna "wote" ikikutana na kikanushi. "Wafanyakazi wote hawakuja." Je, hakuja hata mmoja, au walikuja wachache na wengine wakakosekana? Masikio yetu yanapokea maana zote mbili kutegemea na msemaji. Mtungaji mzuri wa mtihani atakwepa utata huo na kuandika "hakuna mfanyakazi aliyekuja" au "si wafanyakazi wote waliokuja". Ukiona mojawapo, simama sekunde moja uisome tena. Umbali kati ya sentensi hizo mbili ni kama umbali wa ukumbi mtupu na ukumbi uliokosa mtu mmoja.

Na kubwa kuliko yote ni "ikiwa" dhidi ya "endapo tu". Linganisha hizi: "Utalipwa posho ikiwa utafanya kazi Jumapili." "Utalipwa posho endapo tu utafanya kazi Jumapili." Ya kwanza inakuhakikishia posho ukifanya kazi Jumapili, lakini haisemi kwamba hakuna njia nyingine ya kuipata. Ya pili inasema bila Jumapili hakuna posho, lakini haikuahidi kitu: unaweza kufanya kazi Jumapili nzima ukakosa bado kwa sababu hujajaza fomu. Nikiwasomea wateja sentensi hizi mbili haraka haraka, wengi husema ni kitu kimoja. Nikiwaambia wafikirie mshahara wao wenyewe, wanaanza kuona tofauti.

Hilo la mshahara wao wenyewe silisemi kwa utani. Mwaka 1966 mwanasaikolojia wa Uingereza, Peter Wason, alitunga fumbo la kadi nne ambalo nalitumia katika kila kikao cha kwanza. Kadi ziko mezani, kila moja ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Unaona E, K, 4 na 7. Kanuni inasema: kama upande mmoja kuna irabu, upande wa pili kuna namba shufwa. Ni kadi zipi lazima uzigeuze ili kujua kama kanuni imevunjwa?

Jaribu kabla hujaendelea kusoma.

Wengi huchagua E na 4. Jibu ni E na 7. Kadi ya 4 haiwezi kuvunja kanuni hata ikiwa na K nyuma yake, kwa sababu kanuni haikusema kwamba namba shufwa lazima iwe na irabu. Lakini 7 ikiwa na irabu nyuma, kanuni imekufa. Wasomi waliobobea hukosa fumbo hili, kwa hiyo usijisikie vibaya.

Mwaka 1982 watafiti Richard Griggs na James Cox walichukua fumbo hilohilo wakalivisha nguo nyingine. Wewe ni askari unayekagua baa. Kanuni: anayekunywa bia lazima awe na zaidi ya miaka 19. Kadi zinasema bia, soda, miaka 22, miaka 16. Nani unamkagua? Hapo watu wengi wanapata papo hapo: mwenye bia, na mwenye miaka 16. Hakuna anayehangaika na mnywa soda. Mantiki ni ileile, kadi kwa kadi, ila sasa kuna watu ndani yake na kuna anayeweza kudanganya.

Kwa hiyo swali likiwa la herufi na alama tupu, livishe watu. "Hakuna X ambaye ni Y" igeuze iwe "hakuna mlinzi ambaye ni dereva", na akili itafanya kazi ambayo isingefanya kwa X na Y.

Lakini dawa hii ina sumu yake, na hapa ndipo waliojisomea wenyewe mtandaoni huchanganyikiwa. Swali likiwa tayari lina maneno ya maisha halisi, hitimisho linaloaminika linakuvuta ulikubali hata kama halikujengwa vizuri. Soma hili: vitu vyote vya chuma huzama, nanga hii imezama, kwa hiyo nanga hii ni ya chuma. Linaingia akilini kama maji, si ndiyo? Sasa toa nanga weka jiwe: vitu vyote vya chuma huzama; jiwe hili limezama; kwa hiyo jiwe hili ni la chuma. Muundo haukuguswa hata kidogo, ila safari hii umecheka. (Na kama ulianza kuniuliza habari za meli za chuma zinazoelea, ndiyo hasa tabia ninayoizungumzia. Mtihani umesema vyote huzama, basi kwa dakika hizo vyote huzama.)

Nawafundisha wateja kubadilisha neno moja namna hiyo kila wanapokutana na hitimisho linalowapendeza mno. Linachukua sekunde tano ukizoea.

Mitihani ya maumbo ni nchi nyingine. Mwanasaikolojia wa Uingereza, John Raven, alichapisha wa kwake mwaka 1938, na mingi tunayoiona leo ni wajukuu wa ule. Unaoneshwa vijisanduku vilivyopangwa, unachagua kinachofuata. Kosa la kawaida ni kukodolea kisanduku chote macho ukingoja kanuni ijitokeze yenyewe. Fuata kitu kimoja tu. Tuseme kisanduku cha kwanza kina nukta kona ya juu kushoto, mshale katikati unaoelekea juu, na vistari vitatu pembeni. Cha pili: nukta juu kulia, mshale kushoto, vistari vinne. Cha tatu: nukta chini kulia, mshale chini, vistari vitatu. Sahau mshale na vistari. Nukta inatembea kona moja kwa mwendo wa saa, kwa hiyo ijayo iko chini kushoto. Kata kila jibu ambalo nukta yake iko kwingine. Kati ya majibu matano huenda yamebaki mawili. Sasa mshale: unageuka robo kinyume na mwendo wa saa, kwa hiyo utaelekea kulia. Kwisha. Vistari hata hujavigusa.

Kuhusu muda sina maneno mengi. Mtihani wa Wonderlic, ulioanzia Marekani miaka ya 1930, katika toleo lake maarufu una maswali 50 kwa dakika 12, yaani sekunde 14 na ushee kwa swali moja. Wengi hawaumalizi, na alama zako hulinganishwa na za wengine waliofanya mtihani uleule, ambao nao hawakumaliza. Swali likikugomea, acha, endelea. Angalia tu kwanza kama majibu yasiyo sahihi yanakatwa alama. Kama hayakatwi, usiache nafasi wazi hata moja.

Watu hutuuliza kama mazoezi yanasaidia kweli au tunauza maneno. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2007, uliojumlisha tafiti nyingi za watu waliorudia mitihani ya uwezo wa kufikiri, ulikuta kwamba kwa wastani mtu hupanda kama robo ya mkengeuko sanifu. Kwa lugha nyepesi: aliyekuwa katikati, akiwazidi 50 katika kila watu 100, atawazidi kama 60. Hayo si miujiza. Kama kuna mtu amekuahidi utatoka mkiani hadi kileleni kwa wikiendi moja, shika pochi yako. Lakini kama kampuni inachukua nusu ya juu tu ya waombaji, hatua hiyo ndogo inaweza kuwa ndiyo mlango wenyewe.

Huduma yetu imejengwa juu ya hesabu hiyo. Kikao cha kwanza hatufundishi kitu. Unafanya mtihani mfupi huku ukisema kwa sauti unachofikiria, nasi tunaandika. Tunatafuta mahali unapoingiza kitu ambacho hakikuandikwa. Vikao vinavyofuata, mara nyingi vitatu au vinne, vinakaa hapo hapo penye jeraha, na kila siku katikati unafanya mazoezi ya dakika 20. Dakika 20 za kila siku tumeziona zikifanya kazi kuliko Jumamosi moja ya saa sita.

Yapo tusiyoyafanya. Hatuuzi maswali yaliyovuja. Mitihani mingi ya sasa huchota maswali kutoka kwenye hazina kubwa, na mengine hubadilika kulingana na unavyojibu, kwa hiyo karatasi uliyouziwa huenda usikutane nayo kabisa. Wala hatumfanyii mtu mtihani. Tunaombwa, tena kwa upole na sababu za kusikitisha, na tunakataa. Waajiri wengi hurudia mtihani mfupi ana kwa ana kwa waliofaulu mtandaoni, na pengo kati ya alama mbili huonekana mara moja.

Kama una shida ya kusoma inayotambulika, mfano disleksia, au macho yako hayaoni vizuri, mwambie mwajiri kabla ya siku ya mtihani na uombe muda wa ziada au maandishi makubwa. Wengi wana utaratibu wa hilo. Ukisubiri hadi baada ya kufeli, huwa vigumu kusikilizwa.

Ukija kikao cha kwanza, leta penseli, karatasi tupu, na ile barua pepe ya mwaliko kutoka kwa mwajiri. Mara nyingi jina la mtihani au la kampuni iliyoutunga limejificha chini kabisa, karibu na maelekezo ya kuingia kwenye mfumo, na hilo linatuokolea kikao kizima. Kama halimo, mwandikie afisa ajira umuulize ni mtihani wa aina gani, una maswali mangapi na kwa muda gani. Ni swali la kawaida, na wengi hulijibu.