Kreni isiyo na dereva haitanilipia storeji

Ndugu Mhariri,

Kila meli zinapojipanga nje ya Bandari ya Dar es Salaam, hakosekani mtu wa kuandika kwamba dawa ni mitambo inayojiendesha: tuwe kama Shanghai, makontena yashuke upesi, na bei Kariakoo zishuke nayo. Mimi ni wakala wa forodha. Huu ni mwaka wa 17 naingia na kutoka kwenye lango la bandari hii, na hesabu hiyo inanikataa.

Mitambo hii si mipya. Rotterdam walianza mwaka 1993, magari yasiyo na dereva yakibeba makontena kati ya gati na uwanja, kwa hiyo dunia imeshapata miaka zaidi ya 30 ya kuitazama. Mwaka 2018 kampuni ya ushauri ya McKinsey iliangalia bandari zilizoingia huko ikakuta gharama za uendeshaji zimeshuka kwa asilimia 15 hadi 35, lakini tija nayo imeshuka kwa asilimia 7 hadi 15. Wenye bandari walitarajia ipande. Jukwaa la Kimataifa la Usafiri, lililo chini ya OECD, shirika la nchi ambazo nyingi ni tajiri, lilisema karibu hayo hayo mwaka 2021: kwa jumla, bandari zenye mitambo hiyo hazizishindi zile za kawaida kwa kazi.

Aliyewahi kusimama gatini hatashangaa. Mashine haichoki wala haibadilishi zamu, hilo ni kweli. Lakini kontena likikaa upande, au kufuli ya kona ikigoma, dereva mzoefu hulitikisa kidogo na kazi ikaendelea. Mtambo husimama ukangoja mtu aje. Ndiyo maana hata kwenye bandari nyingi zinazosifiwa, kreni ya kushusha melini bado ina mtu nyuma yake, ingawa siku hizi huenda amekaa ofisini mbele ya skrini.

Kinachookolewa hasa ni mishahara, na mishahara hailingani duniani. Wafanyakazi wa bandari za mashariki mwa Marekani waligoma siku tatu Oktoba 2024, wakatoka na nyongeza ya asilimia 62 kwa miaka sita, na mitambo ikabaki kuwa ugomvi hadi Januari iliyofuata. Tajiri wa huko ana sababu ya kupiga hesabu ya kuondoa watu. Sisi mtambo tutaununua kwa dola, mkopo wake tutaulipa kwa dola, na programu ikigoma fundi atatoka nje kwa tiketi ya dola, ili tuokoe mshahara wa shilingi. Nani amekaa akapiga hesabu hiyo?

Auckland, New Zealand, walikaa wakaipiga wakiwa wameshachelewa. Walianza mwaka 2016 na mashine zile za miguu mirefu zinazopita juu ya kontena na kulibeba tumboni, safari hii bila dereva. Mradi ukaahirishwa, ukaahirishwa tena. Juni 2022 wakauacha, na dola zao milioni 65 wakazifuta vitabuni. Hao si watu wasiojua kompyuta.

Shanghai ni habari nyingine. Gati la mitambo la Yangshan lilifunguliwa Desemba 2017 katika bandari ambayo mwaka 2024 ilivuka makontena milioni 50 ya futi 20. Mashine ya bei ile hulipwa na kazi isiyokatika mchana na usiku. Sisi hatufikii hata sehemu moja ya ishirini ya mzigo huo.

Sasa nirudi langoni kwetu. Mwaka jana nilikuwa na kontena la vigae la mteja wangu. Meli ilifunga gati Jumanne, Alhamisi asubuhi kontena lilikuwa chini. Lilitoka siku ya 13. Siku nne mtandao ulikuwa unakuja na kupotea, siku mbili ofisi moja ilisubiri barua ya ofisi nyingine iliyo ghorofa ya juu yake, na ukaguzi ulipangwa mara mbili kwa sababu mkaguzi wa kwanza hakutokea. Mteja akalipa storeji, yaani ada ya kontena kukaa uwanjani, akalipa na faini ya kuchelewesha kontena la wenyewe, kisha akapandisha bei ya vigae. Dereva wa kreni alihusika wapi hapo?

Kama kuna fedha ya mitambo, ianzie kwenye karatasi: mifumo ya forodha na bandari isomane kweli, lori lipewe saa ya kuingia badala ya kulala barabarani Kurasini, na mtandao uwe na njia ya pili wa kwanza ukianguka. Na kabla ya kreni yoyote kuagizwa, waendeshaji wote wa gati zetu, pamoja na DP World, kampuni ya Dubai, waliosaini mkataba wa miaka 30 Oktoba 2023, watutangazie kila mwezi namba tatu: saa za meli kukaa gatini, siku za kontena kukaa uwanjani, na saa za lori kusubiri langoni. Namba ya katikati ndiyo ninayoisubiri mimi.

Wakala wa forodha,
Kurasini, Dar es Salaam