Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Kung'oa Magugu

Ndugu wanachama, habari zenu. Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha: tumetoka siku 11 za kazi, tumeng'oa lantana, tumeng'oa gugu karoti, yale magugu mawili ya kigeni yanayosonga mimea yetu ya asili, miche ya asili tuliyopanda ni 320 na iliyo hai ni 207, mapanga mawili yamepotea, glovu zimeisha.

Sasa lile la trekta, maana najua ndo limewaleta wengi leo. Ni kweli wengi mlitaka tukodi trekta tufyeke upande wa barabarani ambako lantana imefunga kabisa, na ni kweli mi ndo nilikataa, na ningekataa tena. Trekta linapindua udongo, mbegu za gugu karoti zilizolala chini zikipata mwanga zinaota kwa mkupuo, na mche mmoja tu unaweza kutoa mbegu 15,000 na zaidi, sasa pigeni hesabu wenyewe. Lantana nayo ukiikata juu juu kisiki kinachipua upya, lazima itoke na mizizi. Ndo maana nikasema tuanzie ndani ya eneo letu, pale mimea ya asili bado ina nguvu, tusogee taratibu kuelekea kulikoharibika, na tusikimbie kuliko mimea yenyewe inavyojaza nafasi. Sijalitunga mimi, Joan na Eileen Bradley, wale dada wawili wa Sydney, Australia, walishaonyesha njia hiyo tangu miaka ya 1960 wakiwa na zana za mkononi tu. Mnasema barabarani hakuna kinachoonekana. Sawa, ila ingieni ndani muone miche ya asili inayoota bila mtu kuipanda, mi huwa naenda kuihesabu jioni peke yangu, hata mvua ikinyesha.

Kinachoniuma ni mahudhurio. Tuko 46, waliolipa ada ni 19, wanaokuja kazini ni 8 au 9 na ni walewale. Ile wiki gugu karoti limetoa maua, na lazima litoke kabla halijaangusha mbegu, tulifika watu 4, mmoja likamwasha ngozi nikamwambia akae pembeni, tukabaki 3. Na wengi mliniambia mko njiani, nikawasubiri mpaka saa sita.

Mwakani Mungu akijalia tunatarajia kuwa na kitalu chetu, na pengine wanafunzi waje kutusaidia, tutaona.

Ada zenu ndo glovu, na gugu karoti halishikwi mikono mitupu. Mweka hazina yuko pale mlangoni na daftari.