Pleti Ni Ile Ile, Mbona Bei Yenu Iko Juu?

Lalamiko linalotufikia kuliko yote ni hili: fundi wa kuchomelea amesema boriti ataiimarisha kwa siku moja, sisi tunaoimarisha boriti na nguzo za majengo tumeandika siku tano. Pleti (bapa la chuma) ni ile ile, vijiti vya kuchomelea ni vile vile, sasa tofauti imetoka wapi? Mteja ana haki ya kuuliza. Tofauti iko kwenye jeki, kwenye ncha za boriti, na kwenye saa tunazotumia kabla mashine haijawashwa.

Boriti iliyopo tayari imebeba mzigo. Pleti ukiichomelea chini yake leo, haijui lolote kuhusu mzigo wa jana. Itasaidia kwenye mzigo utakaoongezwa baadaye tu. Hapa ndipo wengi wanaponunua chuma kisichofanya kazi.

Chukua boriti ya chuma yenye umbo la I. Slabu na kuta zilizo juu yake zimeshaleta mkazo wa megapaskali 140 (kipimo cha nguvu kwa eneo) kwenye bawa la chini, yaani ubapa wa chini wa hiyo I, na mwenye nyumba anataka kuongeza mzigo ambao bila kuimarisha ungeleta 100 zaidi. Jumla 240, wakati chuma cha daraja la 235 kikipita 235 huanza kuvutika bila kurudi. Tuseme pleti inaipa boriti nguvu mara moja na nusu upande wa chini. Ikichomelewa hivi hivi, ile 100 inashuka kuwa 67, lakini 140 haiguswi: jumla 207. Sasa inua boriti kwanza kwa jeki mpaka 100 kati ya ile 140 itoke. Inabaki 40. Chomelea, achia jeki, na 200 nzima (100 iliyotolewa na jeki na 100 mpya) inabebwa na boriti yenye pleti: 133 juu ya 40, jumla 173. Pleti ile ile imepunguza 67 badala ya 33.

Wako wahandisi watakaosema chuma kikianza kuvutika mkazo hujigawa upya, kwa hiyo jeki si lazima. Ni kweli kwa boriti nene iliyoshikwa vizuri isiyumbe pembeni. Lakini boriti iliyokuwa imepinda wakati wa kuchomelewa itabaki imepinda, na mteja aliyetuita kwa sababu mlango haufungi hatafurahi kuambiwa kwamba hesabu ya mwisho inakubali.

Kuinua nako kuna adabu yake. Nguzo ya jeki haikai juu ya slabu ya ghorofa ya chini na kuachwa hapo. Tunapanga propu (nguzo za muda) ghorofa kwa ghorofa mpaka ardhini, juu ya mbao nene zinazotawanya uzito. Tunainua kwa milimita zilizopigiwa hesabu, huku saa ya kupimia mwinuko ikisomwa, na tunasimama hapo. Slabu nyingi hazina nondo za juu katikati ya upana wake, kwa hiyo anayesukuma jeki mpaka "ikaze" huipasua slabu kwa juu, chini ya vigae, ambako hakuna anayeona mpaka maji yaanze kuvuja.

Kisha moto wenyewe. Chuma kikifika nyuzi joto 600 za Selsiasi kinabaki na chini ya nusu ya uwezo wake. Ndiyo maana mshono unaokatiza bawa la chini kwa upana, boriti ikiwa imebeba, haturuhusu: kwa dakika chache ni kama umelikata bawa zima. Tunachomelea kwa urefu wa boriti, vipande vya milimita 75 hadi 100, tukipishana kushoto na kulia, na kuacha kila kipande kipoe. Fundi wa siku moja anavuta mshono mmoja mrefu kutoka ncha hadi ncha. Pleti nayo tunaipitisha mbele ya pale hesabu inapoishia, kwa sababu nguvu inahitaji urefu wa mshono ili iingie kwenye pleti. Ikikatwa fupi, ncha zake ndizo zinazoanza kubanduka. Rangi na zinki vinasagwa kwa grenda kwanza. Mshono juu ya zinki hujaa matundu, na moshi wake unaumiza mapafu. Na kama jengo ni la zamani sana, tunakata kipande kidogo cha chuma kupeleka maabara, maana chuma cha kalibu (kilichomiminwa kikiwa kimeyeyuka) hakichomelewi kwa njia hii hata kidogo.

Tukija kwenye ncha za boriti, hapo ndipo bei za kushangaza kwa unafuu zinapopatikana, kwa sababu ncha hazikuguswa. Boriti ikiimarishwa ili ibebe theluthi zaidi, theluthi hiyo inashukia kwenye bolti zile zile za zamani. Bolti ya M20 (unene wa milimita 20) ya daraja la 8.8, namba inayoonyesha uimara wa chuma chake, sehemu yenye uzi ikiwa ndiyo inayokatwa na mzigo, inabeba kilonewtoni 94 hivi, karibu tani tisa na nusu. Ya daraja la 4.6, yenye unene huo huo, inabeba 47. Ukizitazama kutoka chini hutofautishi; inabidi upande ngazi, ukwangue rangi, usome namba kwenye kichwa. Saa hizo mbili za kukwangua rangi zimo kwenye bei yetu na hatutaziondoa.

Bolti zikionekana hazitoshi, ushauri wa mtaani ni "ongeza welding pembeni". Hesabu ya mtaani inajumlisha bolti na mshono. Haijumlishiki. Tundu la bolti ya M20 lina milimita 22, kwa hiyo bolti ya kawaida inaweza kuteleza hadi milimita mbili kabla haijagusa ukingo na kuanza kubeba. Mshono hautelezi. Mzigo wote mpya unauangukia wenyewe, unapasuka, na baada ya hapo ndipo bolti zinapopokea kila kitu kwa mshtuko. Sisi tukiweka mshono kwenye kiungo cha bolti za aina hiyo, tunaupigia hesabu ya kubeba mzigo wote peke yake. Vinginevyo tunaongeza bolti, kwa matundu ya drili, si ya gesi, tukiacha angalau milimita 40 kutoka katikati ya tundu hadi ukingo wa pleti.

Nguzo za zege zina hadithi hiyo hiyo kwa vifaa tofauti. Kuivisha nguzo zege jipya la milimita 100 kila upande hakusaidii sana kama nondo mpya zimeishia chini ya slabu. Mzigo wa nguzo ya juu hauna njia ya kuingia kwenye zege hilo. Slabu lazima itobolewe ili nondo zipite ziende ghorofa inayofuata, na chini zifungwe kwenye msingi kwa gundi ya epoksi. Tundu la epoksi tunalipuliza, tunalipiga brashi ya waya, tunalipuliza tena, kwa idadi ya mara iliyoandikwa na mtengenezaji. Vumbi likibaki, epoksi inashika vumbi na nondo inachomoka kama kijiti kwenye uji. Uso wa zege la zamani unachongwa mpaka kokoto zionekane na mabonde yafike milimita 6 hivi, unaloweshwa, kisha maji yaliyotuama yanaondolewa kabla ya kumimina. Ringi (vyuma vyembamba vinavyozizunguka nondo) tunazibana kila milimita 100 karibu na juu na chini ya nguzo.

Ukitaka makadirio ya bei bila sisi kufika saiti, tutumie picha za ncha zote mbili za kila boriti kwa karibu, vichwa vya bolti vikiwa vimekwanguliwa rangi, pamoja na urefu wa boriti, upana na unene wa bawa lake, na kilichopo juu yake. Picha ya katikati ya boriti peke yake haitoshi kutoa bei.