Reale ya 1780 haikugongwa 1780

Mara nyingi huja imefungwa kwenye pembe ya leso. Mwenyewe huketi kwanza, tukaamkiana, akatazama mlangoni, ndipo akalifungua fundo: dola moja ya fedha, nzito, pana kuliko sarafu yoyote ya siku hizi, ina sura ya mwanamke mwenye shungi upande mmoja na tai wa vichwa viwili upande wa pili. Kwenye maandishi yanayomzunguka tai pana mwaka 1780. “Aliiacha bibi,” husema. “Nimeambiwa kitu cha miaka zaidi ya mia mbili hakikosi bei ya kiwanja.”

Kazi yetu dukani hapa Mji Mkongwe ni kumwambia ukweli bila kumvunja moyo. Hiyo ni reale ya Maria Theresa, mtawala wa Austria aliyefariki mwaka huohuo wa 1780. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Uarabuni walikuwa wameshaizoea sura yake hata wakakataa nyingine, basi viwanda vikaendelea kuigonga miaka nenda miaka rudi bila kubadilisha tarehe. Vienna waliigonga. Mwaka 1935 Mussolini, akijiandaa kuivamia Ethiopia, ambako reale hii ndiyo ilikuwa pesa ya soko, alipata haki ya kuigonga Roma. Waingereza nao hawakungoja ruhusa: zikagongwa London, Bombay na baadaye Birmingham. Paris na Brussels pia walizitoa. Vienna wanaitoa hadi leo. Kwa hiyo ya bibi inaweza kuwa ya karne ya kumi na tisa, au ya mwaka ambao bibi mwenyewe alikuwa anasoma chuoni.

Kwa anayeuza, habari hiyo inauma. Kwa anayetaka kuanza kukusanya dola za fedha na mfuko wake ni mwepesi, sijui mlango ulio bora kuliko huu. Sarafu ni nyingi, bei yake inashikana na bei ya fedha, na ni historia ya hapahapa kwetu. Kabla rupia ya India haijatawala soko, mizigo ya pwani hii ilihesabiwa kwa reale. Wazee waliziita kwa aina: hii ya Maria Theresa ilikuwa reale ya Shamu, ingawa haikutoka Shamu, yaani Siria; ya Kihispania yenye nguzo mbili iliitwa reale ya mzinga, kwa kuwa nguzo zile machoni mwao zilikuwa mizinga. Ilikuwapo nusu reale, robo, na thumuni, yaani sehemu ya nane. Neno lenyewe bado li hai Kenya, ambako sumuni ni senti hamsini.

Sasa bei. Reale halali ina uzito wa gramu 28.07, na katika hizo fedha safi ni gramu 23.39, iliyobaki ni shaba. Tafuta bei ya gramu moja ya fedha siku unayonunua, zidisha kwa 23.39, na hapo utakuwa umepata sakafu. Muuzaji ataongeza kitu chake juu, ni haki yake, nasi twaongeza. Lakini anayekutajia mara tatu ya sakafu kwa sababu ya “1780” mwombe akueleze vizuri. Reale iliyotobolewa au iliyotiwa kipete ili ivaliwe kwenye mkufu huwa rahisi zaidi, maana wakusanyaji wa Ulaya hawaitaki. Mimi binafsi hizo ndizo nizipendazo. Tundu limeshaeleza kuwa sarafu ilipita shingoni mwa mtu.

Bandia zipo, na nyingi ni shaba nyeupe au shaba ya njano iliyopakwa fedha. Sumaku husaidia kidogo tu; ikinasa, umeshajua, lakini isiponasa hujajua kitu. Mzani mdogo wa sonara, ule unaosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, ndio kitu cha kwanza cha kununua, kabla hata ya sarafu. Pima sarafu kavu. Kisha weka bilauri ya maji juu ya mzani, urudishe mzani kwenye sifuri, funga sarafu kwa uzi mwembamba uizamishe yote bila kugusa chini wala ubavu wa bilauri. Mzani utasoma uzito wa maji yaliyosukumwa. Reale nzuri itasoma karibu na gramu 2.75. Gawa 28.07 kwa 2.75 upate 10.2, na hiyo ndiyo namba ya fedha yenye shaba kidogo. Ya shaba ya njano yenye uzito uleule itasoma zaidi ya gramu 3.2. Tumewahi kumwona kijana akifanya jaribio hili na kikombe cha kahawa cha baraza, kwa maji si kwa kahawa, likakubali.

Tazama na ukingo. Reale ya kweli ina maandishi yaliyoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA, haki na huruma, na mapambo kati ya maneno. Maandishi hayo yalizuia watu wasikwangue fedha pembeni. Ukiona ukingo laini au wenye mstari wa kuunganishia vipande viwili, rudisha. Chini ya bega pana herufi S.F., za maofisa wawili wa kiwanda cha Günzburg, Schöbl na Faby, nazo zimenakiliwa kwenye zote zilizofuata. Ukishazoea, anza kuhesabu lulu za pambo la begani na manyoya ya mkia wa tai. Viwanda vilipishana kidogo hapo, na humo ndimo mkusanyo wa bei ndogo unamopata utamu. Reale tano za tarehe moja, kutoka miji tofauti, zinatosha kumshughulisha mtu mwaka mzima.

Wengine huja wakitaka dola za Marekani. Hizo nazo zina njia ya mfuko mdogo. Aina ya Morgan iligongwa 1878 hadi 1904, kisha 1921. Aina ya Peace ilianza mwaka huo wa 1921. Zote mbili ni gramu 26.73 na fedha safi gramu 24.06. Sheria ya Pittman ya 1918 iliyeyusha dola zaidi ya milioni 270, ndipo 1921 wakagonga Morgan nyingine zaidi ya milioni 80 kuziba pengo. Anza na hiyo ya 1921, au Peace ya 1922. Ukiuziwa kwa bei ya kutupa Morgan ya 1893 yenye herufi ndogo S chini ya tai, alama ya kiwanda cha San Francisco, kimbia: zilikuwa 100,000 tu, na wahuni hubandika hiyo S.

Shilingi za Afrika ya Mashariki zenye simba, za 1921 hadi 1946, watu huzileta wakidhani ni fedha tupu. Ni robo fedha. Nunua kwa kupenda simba. Reale ya Sayyid Barghash ya Hijria 1299 ni adimu na si ya anayeanza, ila pesa yake ya shaba yenye picha ya mizani hupatikana kwa bei nafuu na hukaa vizuri kando ya reale ya Shamu. Sarafu zilizochimbwa kwenye magofu hatununui wala hatuuzi; hizo zipelekwe Idara ya Mambo ya Kale.

Neno moja la kuomba, na hapa huwa tunasema kwa ukali kidogo. Usisugue. Si kwa ndimu na jivu, si kwa ukwaju, si kwa dawa ya meno. Ule weusi wa miaka ndio ngozi ya sarafu, na mnunuzi mjuzi akiona mikwaruzo inayong'aa hushusha bei palepale. Ikiwa na uchafu wa mafuta, iloweke kwenye maji safi, uikaushe kwa kuikandamiza na kitambaa cha pamba. Usiihifadhi kwenye mfuko laini wa plastiki unaonuka. Karatasi isiyo na asidi inatosha.

Ya bibi ilete kama ilivyo, ndani ya leso yake. Tutaipima mbele yako, kavu na majini, bila malipo, na ukiamua kutouza utaondoka nayo na namba zake kwenye karatasi.